Kidole cha Deqa

Kidole kile alikichora Deqa mwenyewe, mpiga taipu katika duka la kupiga chapa, mwaka 1981, wakati ofisi ya mifugo ilipotaka fomu za chanjo. Alishika kalamu ya chuma akakikwaruza juu ya stensili, karatasi ya nta ya kurudufia: dole gumba lenye ukucha, ndani ya kisanduku kinene, pembeni chini. Hata asiyejua kusoma herufi moja aliona papo hapo mahali pa kuweka dole lake. Kutoka Merti hadi Kipsing, kote kwa wafugaji, watu wakakizoea. Fomu yenye kidole waliikubali, na isiyo nacho waliirudisha.

Ndiyo maana mwaka 1984, ukame ulipopamba moto, Salesio alifika dukani akimtaka Deqa na si mpiga taipu mwingine. Salesio alikuwa wakala wa kampuni iliyoimezea mate ardhi ya Kipsing. Upande wa mbele wa karatasi yake, kwa Kiswahili na herufi kubwa, iliandikwa kwamba kila boma litapewa unga. Nyuma, kwa Kiingereza cha mahakamani, iliandikwa kwamba atakayeweka dole amekubali kuhama kisimani na kuiachia kampuni malisho.

"Mbele weka kile kidole chako," Salesio alisema. "Hiyo ya nyuma ibane, ikae ndogo. Hakuna mtu anageuza karatasi."

"Na yule hajui kusoma atajuaje?"

"Si atapata unga, dada?"

Deqa alimtazama Gikunda, mwenye duka, mzee aliyemfundisha kazi. Gikunda alijitia kupangusa wino kwenye mashine ya kurudufu.

"Sisi tunapiga tu," alisema. "Maneno ni ya mwenye karatasi."

Hasira zilimpanda Deqa. "Maneno ni yake, mzee. Kidole ni changu. Mimi ndiye nilifanya watu wakiamini."

Akatia stensili mpya kwenye taipureta. Maneno yote ya nyuma akayaleta mbele, kwa Kiswahili, juu kabisa. Kando yake akachora kisima kilichozungushiwa ua, na ng'ombe wamesimama nje. Kidole akakiweka chini ya hao ng'ombe, kisha akampa Salesio aione.

"Nani ataweka dole hapa?" Salesio aliuliza.

"Hakuna. Na wewe unajua hakuna."

Salesio alikunja karatasi yake taratibu. "Hiki kidole hata mtoto anaweza kuchora. Meru kuna wapiga chapa wengi."

Salesio alipotoka, Gikunda alimwambia Deqa asirudi kesho. Deqa alichukua mkoba wake bila kubembeleza. Kilichomuuma hakikuwa kazi. Kilichomuuma ni kwamba Salesio alisema kweli, kwamba mkono wowote ungeweza kukichora kidole kile, naye hakuwa na njia ya kukirudisha. Miaka mitatu alikuwa akijivunia mtego.

Ilimchukua siku sita kupata lori la kwenda Kipsing. Kisimani alimkuta Nakuam, mama mzee wa Kiturkana, akinywesha mbuzi wachache waliosalia. Deqa alimwamkia, kisha akasema lililomleta bila kuzunguka.

"Mama, kile kidole cha kwenye karatasi ni mimi nilichora. Ikikuja karatasi iko nacho, msiweke dole mpaka msomewe nyuma."

Nakuam aliacha kuvuta maji. "Wewe ndiye ulituzoesha. Tukiona kidole, tunaweka. Leo unasema tuache?"

"Ndiyo, mama."

"Na njaa hii?"

Nakuam akatoa kitambaani karatasi iliyokunjwa mara nne. Kidole kilikuwa pale pale pembeni, kimechorwa vibaya na mkono wa mtu mwingine. Kisanduku kilikuwa bado kitupu.

"Walileta jana," Nakuam alisema. "Kesho wanarudi na lori ya unga." Aliwaita wenzake waliokuwa upande wa pili wa kisima, akakaa chini, akamnyooshea Deqa karatasi. "Soma. Anza na hiyo ya nyuma. Pole pole."

Deqa aligeuza karatasi, akaanza kusoma. Mbuzi walilia kwa kiu, na hakuna aliyeinuka kuwatekea maji.