Rangi Nyeusi Haina Sitara

Mbarouk hakuwa akiyaamini macho. Macho, alikuwa akisema, hudanganywa na mwanga, hudanganywa na uchovu, hudanganywa hata na mteja mwenye haraka. Kiganja ndicho kisichodanganyika. Kwa miaka thelathini na moja, kwenye gereji iliyo chini ya matao ya reli kule Barking, ughaibuni, kila akimaliza kunyoosha bati alilitandikia kipande cha kanga kuukuu, akafumba macho, akapitisha kiganja cha kulia polepole, mbele na nyuma. Bonde la unene wa karatasi alilijua. Mafundi wenye vipimo vya kisasa walimtazama wakavirudisha mfukoni.

Sasa kiganja hicho kilikuwa hakisikii kitu. Miaka yote ile ya kushika grenda inayotetemeka ilikuja kudai haki yake wakati wa baridi: kwanza vidole vikawa vyeupe asubuhi, kisha ganzi ikashuka mpaka kiganjani ikafanya maskani. Hakumwambia daktari. Hakumwambia mkewe Sheikha, maana Sheikha angemkokota kwa daktari siku hiyo hiyo. Na zaidi ya wote hakumwambia Jaspal, mwenye gereji. Fundi wa bodi asiyehisi bati ana kazi gani tena, ila kufagia? Mbarouk alikuwa na miaka hamsini na tisa, na hapakuwa na kazi nyingine aliyoijua wala kuipenda.

Kilichompa moyo ni kwamba kazi ziliendelea kutoka sawa. Alitandika kanga, akafumba macho kwa mazoea tu, akakisia kwa mlio wa nyundo, na bati likatoka limenyooka. Akajiambia kwamba mkono mkongwe una akili zake, wala haumngoji mwenyewe ahisi.

Ndipo ikaja Mustang, gari la Kimarekani. Ilikuwa ya mwaka sitini na tisa, mali ya Titus, Mchagga afanyaye kazi ofisini Croydon, aliyeinunua ikiwa imelala bandani miaka kumi na minane. Kutu ilikuwa imeila chini kote. Wazee wawili wakagawana kazi. Jaspal, Kalasinga mzaliwa wa Tanga ambaye Kiswahili chake kiliwatia haya nusu ya wateja wao, alichukua mapambo: bampa akazipeleka kuchovywa kromu upya, mikanda ya ubavuni akainyoosha kwa nyundo ya mti, na yule farasi wa nembo ya mbele akamsugua mpaka akang'aa. Mbarouk alikata kutu, akachomelea bati jipya, akanyoosha madigadi, boneti na milango. Milango ilikuwa ya asili, na Titus alikataa katakata isijazwe puti ya kuzibia mabonde. Kisha akataka rangi nyeusi.

"Rangi nyeusi haina sitara, bwana," Mbarouk alimwonya. "Itasema kila kitu."

"Iseme tu, fundi. Si ndiyo maana nimekuletea wewe?"

Mlango wa dereva ulikuwa wa mwisho. Aliumaliza siku ya Alhamisi. Jaspal alikuwa Leicester wiki ile, kwenye harusi ya mpwa wake, kwa hiyo Jumamosi Mbarouk alilipulizia gari zima rangi peke yake. Jumatatu asubuhi akawasha taa.

Taa ndefu za darini, ambazo zilipaswa kuakisika juu ya mlango zikiwa zimenyooka, zilikuwa zimepinda mara tatu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mbarouk hakuumbuliwa na kifo. Aliumbuliwa na mlango mweusi.

Alisimama pale na haya imempanda hadi masikioni. Kisha akatazama boneti: taa zimenyooka. Madigadi: zimenyooka. Mlango wa abiria vilevile. Mkono ulikuwa ule ule na ganzi ile ile. Alikuwa bado anajiuliza Jaspal alipoingia na boksi la vitamu vya harusini.

Jaspal alitazama mlango, akaweka boksi chini. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomuuma Mbarouk.

"Ulimaliza lini huu?"

"Alhamisi."

"Ehe. Na Ijumaa mimi sikuwapo."

Ilimchukua Mbarouk muda kuelewa. Kila Ijumaa, saa sita na nusu, huvaa kofia yake akaenda msikitini, na hurudi saa nane. Saa moja unusu ya Jaspal peke yake na mabati ya Mbarouk.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Februari. Ulishika kikombe cha chai ya moto kwa kiganja kizima, hukushtuka. Nikajua."

"Na hukunambia."

"Wewe uliniambia?"

"Umenfanya mtoto, Jaspal. Miezi minane mie nnajisifu kwa kazi yako."

"Si kazi yangu. Vibonde viwili vitatu tu nilikuwa nasawazisha. Kupiga ni wewe. Mimi nikipiga bati linatanuka, unajua mwenyewe." Jaspal alishusha pumzi. "Nilidhani kukusitiri ndiyo heshima. Nimekosea. Nimekuacha ukaaibika mbele ya mlango."

Mbarouk alitaka kukasirika zaidi, lakini hasira ilimwishia. Kilichobaki kilikuwa hofu. "Basi nipe ufagio," alisema.

"Acha maneno. Customer anakuja Saturday ya wiki ijayo, na mlango unataka kukwanguliwa wote. Na kwa GP utakwenda. Sheikha umwambie wewe, kabla sijamwambia mimi."

Sheikha aliambiwa, na miadi ya daktari akaichukua yeye mwenyewe. Lakini mlango Mbarouk aliung'ang'ania. Aliukwangua mpaka bati tupu, akapiga, akapapasa kwa mkono wa kushoto usiojua lolote, akapiga tena. Siku tatu nzima Jaspal alishughulika na mikanda yake ya kromu.

Ijumaa, saa sita na nusu, Mbarouk alivaa kofia. Alipofika mlangoni pa gereji aligeuka nyuma. Jaspal alikuwa ameketi juu ya debe la rangi, mikono magotini, mbali na gari.

"Sigusi," alisema. "Nenda kaswali."

Aliporudi saa nane alimkuta palepale, kwenye debe lile lile, na chai yake imepoa. Mbarouk alivua kofia akaitundika. Akakitoa kile kipande cha kanga mfukoni, ambacho kwa miaka thelathini na moja hakumwachia mtu mwingine akishike, na kumpa Jaspal ilikuwa kazi nzito kuliko zote alizozifanya kwenye gari lile.

"Nipapasie," alisema.

Jaspal akatandika kitambaa juu ya bati, akafumba macho, akapitisha kiganja mbele na nyuma kama alivyokuwa akimwona mwenzake akifanya. Kiganja kikasimama.

"Hapa. Juu kidogo ya kitasa."

Mbarouk akaokota nyundo, akapiga mara moja, kwa wepesi.

"Tena?"

Jaspal akapapasa. "Basi," alisema. "Limekaa."