Mgeni Aliyekataa Kuzama

Kengele ndogo ya shaba ililia upande wa pili wa ukuta, taratibu, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko huku akiogopa kuamsha watoto. Majogoo walikuwa bado wamelala. Mama Brigitte akafumbua macho, akatabasamu gizani. Surekha alikuwa anamwamsha mgeni wake, kwa mara ya mwisho.

Mgeni mwenyewe alikuwa Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo na tumbo la mtu asiyekosa chakula. Kwa Wahindu wa kwao Surekha, kila mwaka hutengenezewa sanamu ya udongo, hukaribishwa nyumbani, huimbiwa na kulishwa vitamu, kisha husindikizwa hadi majini. Surekha alikuwa mke wa Dilesh, mwenye duka la vitenge hapo Kashikishi, na huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza kumpokea mgeni huyo kando ya Ziwa Mweru. Sanamu aliyoagiza kutoka Lusaka ilifika ikiwa vipande, kwa mashimo ya barabarani. Ndipo akaja kwa Mama Brigitte mfinyanzi, picha kwenye simu, machozi yakimlengalenga.

Mama Brigitte alikuwa Mkatoliki, tena wa kwaya. Lakini hakusahau siku alipofika akikimbia vita vya Pweto, upande wa Kongo, chungu kimoja kichwani, na Surekha akamwambia apange vyungu vyake kwenye baraza ya duka, asilipe kitu. Na hadi leo Surekha humpozea chai kabla ya kumpa, maana anajua meno yake hayavumilii moto. Mtu wa namna hiyo akikuomba tembo, unamfinyangia tembo.

Kilichomtia Surekha hofu ni mama mkwe. Mama Kanta alikuwa ametoka Lubumbashi, mjane mfupi mwenye sauti kubwa, na Kiswahili chake cha Katanga kilikuwa kile kile cha Mama Brigitte. Alikuja kutazama kama kweli ibada ya nyumbani inaweza kukaa katika mji unaonuka chisense, vile visamaki vinavyoanikwa kila mahali. Akiona haifai, atamchukua mkwewe waende naye Lubumbashi, karibu na hekalu na watu wao. Dilesh hakuwa msaada. Alikubaliana na yeyote aliyesema mwisho.

Na wanawake hao wawili hawakupatana kwa lolote. Surekha ni wa Pune, Mama Kanta ukoo wake ni wa Gujarat. Nyumbani kwa Mama Kanta, Ganesha ni wa fedha, anakaa kabatini mwaka mzima, na siku ya kuagwa anachovywa kwenye bakuli la maji na kurudishwa mahali pake. Vitamu vya mmoja vilikaangwa, vya mwingine vilipikwa kwa mvuke. Walibishana hata jinsi ya kuvunja nazi. Dilesh alivunja moja kwa amri ya mama, kisha akavunja nyingine kwa amri ya mke.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa ziwa. Mama Kanta aliuliza ni watu gani wanaomuaga mgeni kwa kumzamisha. Surekha akajibu kwa upole kwamba hazamishwi, anarudi kwao, na udongo wake unayeyuka na kuwa udongo tena. Siku ya maneno hayo Mama Brigitte hakuwepo. Laiti angekuwepo.

Alasiri hiyo wakatoka kumsindikiza mgeni ziwani. Walitazamia kuwa familia tu na mpiga ngoma mmoja. Lakini Kashikishi haiwezi kuona ngoma ikapita peke yake. Wauza samaki waliacha mabeseni, mafundi baiskeli wakaacha spana, kwaya nzima ya Mama Brigitte ikajitokeza eti inamsindikiza jirani. Surekha alirusha unga mwekundu, na punde kila mtu akawa mwekundu, pamoja na mbuzi na polisi wa zamu. Levy mvuvi akatoa mtumbwi wake, akakataa malipo.

Mama Kanta alianza safari ameziba pua kwa ncha ya sari. Kufika sokoni alikuwa ameiachia. Muuza chisense mmoja alimshika mkono asijikwae kwenye nyavu, na huwezi kushikwa mkono, kuziba pua na kupiga makofi kwa wakati mmoja.

Surekha na Mama Brigitte wakapanda, na Levy akapiga kasia hadi penye kina cha kutosha. Surekha akamshusha mgeni majini, macho yamefumbwa, midomo ikisoma. Ganesha akazama. Kisha akaibuka, akakaa juu ya maji kama bata.

Watu ufukweni wakashangilia, wakidhani ndivyo ilivyo desturi. Surekha akamsukuma chini. Akaibuka tena, akamrushia maji usoni. Levy akajaribu kwa kasia, polepole, akiomba radhi kila anapogusa. Hapo upepo ukamchukua mgeni, akaanza kuelekea magharibi, mkonga juu.

"Bamama," Levy akasema, "huyu anavuka Kongo, na hana hata papier ya kupita mpaka."

Wakamfukuza. Mara ya kwanza alichepuka. Mara ya pili Mama Brigitte alimdaka sikio na nusura aingie majini yeye. Ufukweni watu walicheka hadi wakashikana mabega, kwaya ikaanza wimbo ambao haukuhusika. Ni Surekha tu ambaye hakucheka, mgeni mapajani, unga mwekundu umechora njia mbili mashavuni.

Mama Kanta aliwangoja amesimama majini, mikono kiunoni. Kicheko cha watu kikapungua.

"Nilisema," akamwambia mkwewe. "Amekataa. Hapa hapamupendezi. Kesho tunafunga bintu, tunaenda."

Mama Brigitte akashuka mtumbwini.

"Hapana, Mama Kanta. Hakukataa. Ni mimi nilimuchoma."

Akaeleza yote. Aliambiwa mgeni ataingia ziwani, na hakuna mfinyanzi anayepeleka majini kitu ambacho hakijapita motoni; kitageuka tope, nayo ni aibu. Kwa hiyo alimjenga mtupu ndani kama mtungi, akamtoboa kitundu nyuma ya sikio ili moto upumue, akampaka udongo mwekundu, akamchoma kwa kuni bora alizokuwa nazo.

"Nilitaka adumu," akasema. "Nilifikiri kudumu njo heshima."

Surekha akagonga lile tumbo kwa kidole. Likalia kama mtungi wa maji. Wote wakalisikiliza. Kisha kitu kikaanza kumtikisa Mama Kanta, kutoka chini, mpaka ikabidi ashike ukingo wa mtumbwi. Alikuwa anacheka.

"Weye umemupika mungu kama chungu ya kusongea bukari," akasema alipopata pumzi.

Akamchukua mgeni, akamfuta uso kwa sari yake nzuri. Akasema huyu amechovywa kuliko Ganesha yeyote aliyewahi kuingia kwenye bakuli. Kwa desturi ya kwao, kuaga kumekwisha, na mahali pake sasa ni kabatini.

"Kwetu bado, mama," Surekha akasema kwa sauti ndogo.

Mama Brigitte hakungoja waanze. Alikwenda penye matete, akachimba udongo wa kijivu, na kiganjani mwake akaminya tumbo, mkonga, masikio mawili. Ganesha wa ukubwa wa limau, mbichi kabisa. Surekha akamtia nukta nyekundu kwa kidole gumba. Maneno ya kumkaribisha aliyaanza Mama Kanta, bila kuombwa. Surekha naye akayasoma kwa namna ya Pune, na hawakumaliza pamoja, wala hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Surekha akashusha kiganja majini. Masikio yakaondoka kwanza, halafu mkonga, halafu tumbo, hadi likabaki wingu dogo la udongo likitembea juu ya mchanga.

Mama Kanta akaliinamia, sari imelowa hadi magotini, chungu cha mungu kwapani.

"Mwaka kesho ukuje tena, Baba," akaliambia. "Usikawie. Mukwe wangu utamukuta hapa hapa."