Siku Iliyokuchwa Mara Mbili

Jumamosi moja ya katikati ya Februari, mwaka 1952, Mukarugwiza alikaa kwenye kigoda jikoni mwa nyumba ya wageni, Gisenyi, akipitisha vipande vya kioo juu ya moshi wa koroboi. Alishika kila kipande kwa koleo la makaa, akakigeuza polepole mpaka kikawa cheusi sawasawa, kisha akakilaza kwenye sinia lililotandikwa majani ya mgomba. Vilikuwa kumi na viwili. Profeseri wa Kibelgiji aliyelala chumba cha mbele ndiye aliyeagiza, kwa sababu Jumatatu ya tarehe ishirini na tano jua lingepatwa, na asiye na kioo cheusi angeharibu macho.

Hapa Gisenyi jua lingemegwa upande tu, kama andazi lililong'atwa. Aliyetaka kuliona likifunikwa lote ilimbidi avuke mpaka, aende Kongo mwendo wa siku saba, hadi ng'ambo ya mto Uele. Profeseri alikuwa na masanduku kumi na manne, wasaidizi watatu, na lori la kukodi la Faradji, Mwislamu wa Mbugangari. Mpishi wake alikuwa ameshikwa na homa. Mukarugwiza alifuta masizi mikononi, akaenda kwa Madamu mwenye nyumba, akasema ataenda yeye.

Faradji alimtazama kwa jicho la pembeni siku ya kupakia.

"Mama Béata, na we unaenda tazama jua?"

"Mi naenda pika."

"Kule karibu iko mugodi wa dhahabu."

"Najua."

Mji mzima ulikuwa unajua. Mume wa Mukarugwiza, Sebagabo, aliandikwa kazi katika mgodi huo mwaka 1943, mwaka wa njaa. Mwaka uliofuata Viateur, karani wa sushefu, yaani chifu mdogo wa kilima chao, alipanda hadi Cyanzarwe na karatasi yenye mhuri, akamsomea kwamba mumewe ametoroka kazini. Aliikunja karatasi, kisha akaongeza kwa sauti ya chini jambo ambalo halikuandikwa: kwamba kuna mwanamke wa huko huko, mwenye mwanya, fundi wa kushona. Mke wa mtoro hana shamba. Sushefu alilichukua maharage yakiwa bado yana maua, na Mukarugwiza akateremka mjini na binti yake wa miaka mitano.

Majirani walimpa pole kwa kumwambia lisemwalo lipo. Kwa miaka minane alimchukia yule mwanamke mwenye mwanya asubuhi na jioni, bila kukosa, kama watu wengine wanavyosali. Shamba alilifikiria pia, lakini baadaye, akishachoka. Sasa Béata alikuwa na miaka kumi na mitatu, hana hata tuta moja la viazi la kuita lake, na ilisemekana mtoro akirudi mwenyewe na kuomba msamaha hupewa ardhi yake. Mukarugwiza alikusudia kumvuta Sebagabo kwa sikio mpaka mlangoni kwa sushefu.

Kwenye kizuizi cha mpaka askari aliandika watu sita, akanusa masanduku, akawaruhusu. Njiani hakuna aliyemwamini mwenzake. Profeseri aliyahesabu masanduku kila waliposimama, na mawingu hakuyaamini kabisa. Faradji alionja petroli kwa ncha ya ulimi kabla ya kuinunua. Mukarugwiza alikagua meno ya kila mwanamke aliyemuuzia kuku, kuanzia Rutshuru hadi walikofika.

Walipiga hema juu ya kilima kipara kinachotazamana na mgodi. Jumapili jioni Mukarugwiza alishuka kambini kwa wafanyakazi akijifanya anatafuta chumvi. Hakumwona Sebagabo wala fundi wa kushona. Alimkuta kapita, msimamizi wa zamu, akichonga penseli kwa kisu, akamuuliza watu wanatoka kazini saa ngapi.

"Zamu iko mbili," kapita alimweleza. "Ya muchana inatoka jua likizama. Ya usiku inaingia jua likizama. Mwenye jina kwenye orodha anatumika. Mwenye jina mara mbili, anatumika mara mbili."

Kesho yake, saa tatu na nusu asubuhi, jua lilianza kuliwa. Kuku wa kambini waliingia bandani kulala. Upepo ukapoa, vivuli vikawa vyembamba, kisha kiza kikaanguka juu ya msitu wote kwa mkupuo mmoja. Nyumbani Rwanda siku ya namna hiyo huitwa ubwirakabiri, siku inayokuchwa mara mbili. Profeseri na wasaidizi wake walikuwa wameinamia mitambo, Faradji ameshika kioo chake, na wafanyakazi wote wa mgodi, waliopewa ruhusa ya nusu saa, walikuwa wameinua nyuso. Mukarugwiza peke yake hakutazama juu. Hakuja kwa ajili ya jua. Alikuwa anatazama chini, kwenye milango ya vibanda, aone nani atatoka.

Waliotoka walitoka kwenye kilima cha mgodi. Wanaume ishirini na mmoja walipita kwenye udongo mahali pasipo na mlango, wamebeba sururu, wakajipanga mstari kama walivyozoea. Kilima kiliwafukia mwaka 1944, lakini hakuna aliyefuta majina yao, kwa hiyo walikuwa kwenye orodha zote mbili. Kila jua lilipozama walimaliza zamu ya mchana na papo hapo wakaanza ya usiku. Kiza cha saa nne asubuhi hakikuwa kwenye orodha yoyote, basi wakatoka kupumzika. Kapita aliwahesabu, akaweka alama kwenye daftari, akarudi kutazama jua.

Wa tisa alikuwa Sebagabo. Mukarugwiza aliteremka mbio na kijiko cha mchuzi mkononi, akafika mwanga ukianza kurudi na wenzake wakigeuka bila haraka kuingia kilimani. Akamshika kifundo cha mkono. Kilikuwa baridi, kimelowa.

"Baba Béata, unaenda wapi?"

"Kazini."

"Panda gari."

Sebagabo akapanda. Profeseri alifurahi sana siku hiyo, maana mawingu hayakuja, na alipoona mtu wa saba amekaa juu ya masanduku yake alichouliza ni kama amekalia lile lenye vioo.

Safari ya kurudi Mukarugwiza alikaa nyuma ya lori, ana kwa ana na mumewe. Kwamba alikuwa amekufa lilikuwa wazi: udongo masikioni, maji yanamdondoka na jua kali, chakula hagusi. Hilo halikumshughulisha. Alichokodolea macho ni bega la shati lake, lililoshonwa kwa mishono midogo, iliyonyooka, ya mkono uliotulia.

"Nani alikushonea shati?"

"Mimi."

"We? Nyumbani ulikuwa hujui hata kutia uzi kwenye sindano."

"Kule chini wakati iko mingi, Mama Béata. Mwenzetu mumoja alikufa na sindano mufukoni."

Hakumsadiki. Mtu akifa haachi kuwa mwanamume. Alinuna siku nne. Walipofika Beni gunia la mkaa likapasuka, naye akamtupia sindano. Jioni ilikuwa imeingia, na chini ya turubai hapakuonekana hata kiganja. Sebagabo alishona gunia lote kwa kupapasa. Asubuhi Mukarugwiza alilishika, akapitisha kidole juu ya mshono, akalilinganisha na bega. Ulikuwa mkono uleule.

Akalia. Alilia kwa uchungu kuanzia Beni hadi karibu na Lubero, kwa sababu ya mume aliyekufa akaitwa mtoro, na kwa sababu ya miaka minane aliyoitumia kumchukia mtu ambaye hakuzaliwa. Faradji alisimamisha lori mara moja kumuuliza kama ni homa. Kisha machozi yakakatika, na wazo likamjia likiwa limekamilika: kama mwanamke hakuwako, aliyemtunga na kumleta mpaka Cyanzarwe ni Viateur.

Askari wa kizuizi alifungua daftari lake. Waliondoka sita, wanarudi saba. Alimzunguka Sebagabo mara mbili.

"Huyu anatoka mugodini. Iko na dhahabu."

Alimpandisha kwenye mizani ya magunia, mshale haukusogea. Akamwamuru aonyeshe vidole. Chini ya kucha kulikuwa na vumbi la manjano, na askari akalisugua kwa brashi, kucha moja baada ya nyingine, juu ya bahasha. Alilamba bahasha, akaitia mfukoni, akaandika kwamba gari limeingia na watu sita na mzigo usio na uzito.

Nyumbani Béata alimtazama baba yake. Kisha akaleta beseni na kitambaa, akaanza kumtoa udongo masikioni.

Jumatatu iliyofuata walipanda wote watatu hadi ofisi ya sushefu. Viateur alikuwa mezani, mikono ya shati imekunjwa. Alimtambua mgeni mara moja, akamwonyesha benchi.

"Sebagabo. Bon. Umerudi."

"Nimerudi. Lakini sikutoroka, karani. Mulima ulituangukia, tarehe kumi na ine ya mwezi wa tatu. Tulikufa batu makumi mbili na moja."

Viateur alifungua kabati, akatoa orodha. Majina yalikuwa ishirini na moja, tarehe moja, na mbele ya kila jina neno lilelile. Mwandiko ulikuwa wake.

"Hapa imeandikwa mulitoroka."

"Bote siku moja?" aliuliza Mukarugwiza. "Saa moja?"

"Barua ya kampuni ilisema hivyo. Mi naandika tu."

"Na mwanamuke mwenye mwanya? Kampuni ilimuandika?"

Viateur alifunika chupa ya wino ili isikauke. "Hapana, ule nilimusema mimi. Mwanamuke mwenye wivu haulizi habari ya shamba, Mama Béata. Na sushefu alikuwa anatafuta pahali pa kulima."

Alilisema kama mtu anayetaja saa. Mukarugwiza aliwaka hasira, na kilichomchoma zaidi ni kwamba karani alisema kweli: katika miaka yote minane hakuwahi kuuliza.

"Sasa nauliza," alisema. "Shamba."

"Donc, sikiliza. Kama alikufa, mulete karatasi ya kifo, na shamba inarudi kwa mujane. Karatasi inatoka kwa kampuni. Kampuni inasema alitoroka. Kama iko muzima, ni mutoro, na shamba ya mutoro imekwisha gawanywa."

"Nilikufa," alisema Sebagabo. Maji yalikuwa yametengeneza kidimbwi chini ya benchi.

"Naona. Lakini kuona kwangu haina muhuri."

Viateur hakuwa mtu wa kumwacha mwingine aondoke hivi hivi bila kuandikwa. Mwanaume aliyeko kilimani anaingia kwenye orodha ya kazi ya lazima, siku mbili kwa wiki, kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Alimwandika. Ukaguzi ulikuwa umeonyesha kwamba shamba linaloliwa na mvua kuliko yote Cyanzarwe ni lile la sushefu, karibu na miti ya mivumu, ambalo zamani lilikuwa la Sebagabo.

Akaenda kuchimba. Alichimba bila kupumzika, bila kula, bila kuomba maji, na jua lilipozama aliendelea, kwa kuwa hajawahi kuambiwa zamu inaisha. Mukarugwiza alimfuata kila Jumanne na Ijumaa kumwambia inatosha, twende nyumbani. Mwishoni mwa Machi sushefu mwenyewe alifika na mwavuli wake, akatembea juu ya matuta, akasifu jinsi mitaro ilivyonyooka. Alimsalimia Sebagabo kwa jina. Kisha akamuuliza Viateur wale wengine ni wangapi.

"Ishirini."

Wiki hiyo hiyo barua ilitumwa kwa Profeseri, Ubelgiji, kwa heshima nyingi, kumuuliza ni lini tena jua litapatwa lote upande ule wa mgodi, na kama kwenye lori lake kutakuwa na nafasi. Jibu halikuwa limefika, lakini Viateur alifungua orodha, ili mambo yawe tayari. Ndugu wa wale ishirini walitakiwa kuja kutaja majina, vilima, na alama za mwili.

Mukarugwiza alienda asubuhi na mapema kuwaonya. Aliwakuta wamekwisha kujipanga, wajane na mama wa marehemu, wamevaa nguo za kanisani. Akawaeleza yote: karatasi, tarehe moja, mwanamke mwenye mwanya. Wengine watatu nao walikuwa wameletewa mwanamke mwenye mwanya. Akawaeleza kwamba wanaume wao wakija hawatapewa kitu, shamba halitarudi, watachimba tu, mchana na usiku, kwa ajili ya yule yule aliyewaita watoro.

Nyiramana, mama wa kijana aliyeondoka na miaka kumi na saba, alikuwa wa kwanza mlangoni. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ule wako, asubuhi unamuona?"

"Namuona."

"Anakuita jina?"

"Ananiita."

"Basi na alime," alisema Nyiramana. "Nitakuwa namuona akilima."

Ndani Viateur aliita wa kwanza aingie. Mukarugwiza alimshika Nyiramana mkono kwenye kizingiti, kwa maana kilikuwa juu, akaingia naye ili amsaidie kueleza alama za mwili.