Kiwanja cha Nyuma ya Minazi

Mkwe wangu Adnan ana adabu kupita kiasi. Ami yake, Mbwana, alimwonyesha kiwanja alichotaka kumuuzia huko Munje, akanyoosha kidole na kusema, "Kinaishia pale kwenye minazi, kando ya barabara." Adnan akasema ahsante ami, akarudi nyumbani, akamwambia binti yangu Salwa waanze kufikiria nyumba. Siku ya pili yake alikwenda akafunga kamba kutoka mnazi hadi mnazi.

"Mmeita mpima ardhi?" nikawauliza.

Salwa akatazama chini. Adnan akajibu, "Mama, yule ni ami yangu. Kumpelekea mpima ni sawa na kumwita mwongo."

"Ni ami yako wewe. Mimi si ami yangu. Nitampeleka mimi."

Walikuwa watie sahihi Jumatatu. Jumamosi asubuhi nikampakia garini Eunice, mpima mwenye leseni niliyemjua tangu tukiwa chuo, tukaenda sote. Mbwana alikuwa barazani kwake, ng'ambo ya barabara, na kikombe cha kahawa mkononi. Adnan na Salwa wakamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Kisha akamtazama Eunice na kile kifaa chake cha miguu mitatu.

"Karibu mkwe," akaniambia. "Naona leo umekuja na serikali."

"Nimekuja na mpima."

"Wa kupima nini? Mpaka unaonekana kwa macho. Minazi ile aliipanda marehemu baba kwa mkono wake. Mkwezi namwita mimi, nazi nauza mimi. Munje nzima inajua."

"Munje nzima haitatia sahihi Jumatatu. Watakaotia ni hawa wawili."

Akacheka. "Mwanangu Adnan, umeoa askari."

"Nimeoa binti yake, ami," Adnan akasema, naye akacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Tukavuka barabara. Eunice alifungua ramani ya kiwanja, akasimamisha kifaa, akasoma, akahama, akasoma tena. Nilitazamia aelekee kwenye minazi. Hakuelekea huko. Alisimama mbali nayo, katikati ya kichaka, akaomba jembe. Adnan akachimba. Jembe likagonga chuma: nondo fupi iliyosimamishwa ndani ya zege, juu imeliwa na kutu.

"Bikoni ya mpaka ni hii," Eunice akasema. "Kiwanja kinaishia hapa."

"Na kule minazini?" Salwa akauliza.

"Kule ni kiwanja cha mtu mwingine. Kinashika kutoka hapa mpaka barabarani."

Nikageuka nikatazama pande zote. Nyuma, ukuta wa hoteli. Kulia nyumba, kushoto nyumba. Mbele, ukanda wa ardhi ya watu, na safu ya minazi imesimama juu yake. Gari la maji lingeingilia wapi? Mchanga na mawe vingepitia wapi? Hata jeneza lingetoka kwa ruhusa ya jirani. Binti yangu alikuwa ananunua kisiwa katika nchi kavu, na muuzaji alikuwa anakunywa kahawa.

Nikamwita. Alikuja polepole, akiburuta ndara, kikombe bado mkononi.

"Minazi ni yangu," alianza kabla sijasema neno.

"Ni yake, simnyimi," sauti ikatoka nyumba ya kushoto. Ilikuwa ya Bi Twaiba, mama mtu mzima, ungo wa mchele kiunoni. "Baba yake alimwomba baba yangu mahali pa kupanda, akapewa. Mnazi wake, nazi zake. Lakini udongo ni wetu. Mbwana, hilo hulijui?"

Huku kwetu mti huwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe. Hata mtoto wa madrasa analijua hilo. Nikamgeukia Mbwana.

"Ulijua?"

"Nilijua minazi ni yangu."

"Sikukuuliza minazi. Nimekuuliza ardhi."

Akatazama kikombe chake. Basi nikamwendea Bi Twaiba, nikamwomba njia. Nilikuwa na hasira, lakini niliomba kwa heshima, maana yeye hakunikosea.

"Njia nitatoa, na iandikishwe," akasema. "Lakini minazi ikatwe. Nazi zinatoboa bati langu, na mkwezi wake kila akikwea ananichungulia uani kwangu. Nimechoka kuoga na leso mbili."

Salwa akashika mkono wa Adnan. Sote tukamtazama Mbwana. Minazi yenyewe ilikuwa imezeeka, miwili haikuwa na kichwa.

"Siwezi," akasema. "Sikati mnazi wa baba kwa sababu ya njia ya mtu."

"Mtu nani, ami?" Adnan akauliza.

"Ya yeyote."

Adnan akageuka. Alikwenda minazini, akaifungua ile kamba, mnazi mmoja baada ya mwingine, akaikunja mkononi mpaka ikaisha. Akarudi akasimama mbele ya ami yake.

"Jumatatu sitakuja," akasema. "Kiwanja sinunui."

"Mkweo amekuharibu."

"Mama alileta mpima, ami. Wewe ulinileta mimi kwenye minazi."

Kisha akainama akambusu mkono, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Mbwana alimpa mkono huo bila kumtazama. Salwa alikuwa ameshaingia garini, analia. Alishachagua dirisha la jikoni litazame wapi. Sikumbembeleza. Ningefungua mdomo ningemtukana mzee wa watu mbele ya jirani yake.

Nilipokuwa nafungua mlango wa gari Mbwana akaniita. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mkwe, msiondoke hivi. Chukueni japo madafu."

"Mwangushie Bi Twaiba," nikamwambia. "Yeye ndiye mwenye bati."

Nikawasha gari.