Siku Mbili za Karatasi

Wifi yangu aliingia stoo na bunda la vikaratasi vya kunata, akauliza kama anaweza kukaa. Kiti ni kimoja na nilikuwa nimekikalia mimi. Hakununa. Alivuta boksi la pini, akakaa, akakunja nne kama yuko sebuleni kwao.

Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: nilikuwa namwonea kijicho. Miaka tisa nimetunza stoo ya kiwanda hiki cha madaftari. Yeye, mdogo wa mume wangu, alikuwa na miezi sita tu. Mkuu wa ugavi alikuwa anakaribia kustaafu, na meneja alikuwa ametangaza mradi mmoja. Tangu oda ya shule iingie hadi madaftari yapakiwe kwenye lori zilikuwa zinapita siku kumi na nne. Meneja alizitaka kumi. Kila mtu alielewa kwamba atakayeuongoza mradi huo ndiye atakayerithi ofisi ya mkuu wa ugavi. Niliomba niuongoze mimi. Akapewa wifi.

"Wifi," akasema, "nichukulie kama mjinga. Karatasi ikishafika hapa getini, wewe unafanya nini?"

Ningefurahi sana kumchukulia hivyo. Tatizo ni kwamba hakuwa mjinga hata kidogo.

"Nahesabu roli za karatasi, nalinganisha na hati ya mzigo, nakagua kama kuna iliyobondeka, nasaini."

"Halafu?"

"Zinaingizwa ukumbi wa mashine."

"Zinapanda mashine siku hiyo hiyo?"

"Baada ya siku mbili."

Kalamu yake ikasimama. "Siku mbili zinafanya nini?"

"Wifi, karatasi inafanya nini? Zinakaa tu."

Sikusema uongo. Zinakaa kweli. Ila kule kukaa ndiyo kazi yenyewe. Roli hutoka safarini na baridi yake tumboni, na ukumbi wa mashine una joto na unyevu wa kutosha kuotesha uyoga. Ukiimenya ganda lake la nje siku hiyo hiyo, kingo zinakunywa unyevu, zinajikunja mawimbi, na mashine ya kupiga mistari inaichana kama gazeti la juzi. Kwa hiyo tunaziacha na maganda yake siku mbili zizoee hewa, ndipo mimi nazimenya na kuzikabidhi kwa fundi. Mzee aliyenitangulia stoo alinifundisha kwa kunishika kichwa na kunilaza shavu juu ya roli. "Ikiwa baridi kuliko shavu lako, iache ilale." Jambo hilo halikuandikwa popote. Fundi mwenyewe hajui. Yeye hupokea roli zikiwa tayari, akanisifu kwamba nachagua karatasi nzuri.

Ningeweza kulisema kwa pumzi moja. Wifi aliandika "kusubiri, siku mbili" kwenye kikaratasi chekundu. Vyekundu vilikuwa vya hatua zinazokula muda bila faida.

"Asante, wifi," akasema akiinuka. "Wenzako wote wamenizungusha. Wewe peke yako umenijibu."

"Karibu tena," nikasema.

Baada ya wiki moja ukuta wa ofisi ya meneja ulikuwa umejaa vikaratasi, kuanzia oda hadi lori, na watu walikuwa wanakwenda kuutazama kama wanamtazama mtoto mchanga. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sehemu kubwa ilikuwa sahihi. Aligundua kwamba ombi la kununua karatasi linazunguka meza tatu kwa siku tatu, na wote watatu wanasaini kitu kile kile. Akabakiza meza moja, siku moja. Miaka tisa nimeyaona mafaili yale yakizurura korido kama mbuzi wasio na mchungaji, na sikuwahi kufungua mdomo.

Jumapili mama mkwe alituita wote mezani kwake.

"Mwanangu amewaondolea siku nne kwa kalamu tu!" akasema, akimwongezea chakula bila kuulizwa. Mimi sahani yangu ilikuwa tupu pia, lakini sahani yangu haikupunguza siku yoyote. "Na wewe mkwe wangu, miaka yote hiyo hukuona?"

"Niliona, mama. Nilikuwa nasubiri niulizwe."

Mume wangu akacheka. "Ukisubiri kuulizwa, mke wangu, utaulizwa umri."

Wote wakacheka. Wifi hakucheka. "Mama, wifi amenisaidia kuliko wote," akasema, kwa upole ule wa mtu ambaye ana vya kugawa. Afadhali angenicheka.

Siku ya kujaribu mpango mpya, roli zipande mashine siku ile ile zinapofika, ilikuwa ya mvua. Lori lilikuwa limetembea ndani ya mvua hiyo tangu jana yake, na turubai lilikuwa linavuja jasho. Niligusa roli ya kwanza. Ilikuwa baridi kama mgongo wa chura.

Wifi akaja na fomu mpya. Chini palikuwa na nafasi mbili za sahihi. Ya juu iliandikwa: mtunza stoo anathibitisha kwamba karatasi iko tayari kwa mashine.

"Walitaka asaini mtu wa uzalishaji," akasema. "Nikawaambia hapana. Anayeijua karatasi kiwandani hapa ni wifi yangu. Usiposaini wewe, hazipandi."

Nilishika kalamu. Ningemwambia hapo, tungecheka, tungekwenda pamoja kurudisha siku mbili ukutani. Nikaona ukuta wenyewe, na meneja amesimama mbele yake akitikisa kichwa kwa raha. Nikaona mkono wa mama mkwe na mwiko. Nikasaini. Roli nne zikamenywa.

Fundi wa mashine tunamwita Sikio, kwa sababu husikia mashine inaugua kabla haijakohoa. Meneja alikuja mwenyewe kushuhudia. Roli ya kwanza ilikimbia dakika tano, mistari ikaanza kuyumba kama imeandikwa na mlevi, karatasi ikapasuka. Wakaifunga upya, ikapasuka tena. Wakajaribu ya pili, hivyo hivyo. Sikio akazima mashine, akapapasa ukingo.

"Hii mbichi," akasema.

"Karatasi inakuwaje mbichi?" meneja akauliza.

"Imekunywa maji. Zamani nilikuwa naletewa zilizotulia."

Nilimwona wifi akirudi nyuma hatua kwa hatua kichwani, hadi kwenye kikaratasi chekundu. Macho yake yakanipitia, hayakutua.

"Bosi, kosa ni langu," akasema. "Niliambiwa zinakaa siku mbili, nikaona ni kupoteza muda. Sikuuliza kwa nini zinakaa. Ilikuwa kazi yangu kuuliza."

Nilingoja afokewe. Meneja akavua miwani.

"Mmemsikia?" akatuambia sote. "Miaka yote natafuta mtu mmoja wa kusema 'kosa ni langu' bila kumtaja jirani yake. Mtu wa namna hiyo unampa ofisi na unalala usingizi."

Jamani! Hata kuanguka alikuwa anaanguka kwa kupendeza. Nimemchimbia shimo kwa mikono yangu, naye amelifanya jukwaa. Ningependa kusema dhamiri ndiyo iliyonisukuma. Haikuwa dhamiri. Sikuweza kuvumilia achukue na kosa pia, maana lile lilikuwa langu.

"Kosa si lake," nikasema. "Ni langu mimi."

Sikio akatazama huku na huku. "Leo kosa lina wachumba wawili."

Hakuna aliyecheka. "Lako vipi?" meneja akauliza.

"Nilijua. Roli lazima zipumzike na maganda yake. Aliponiuliza sikumwambia."

"Na ukasaini kwamba ziko tayari?"

"Nikasaini."

Nilikuwa nimesimama wima kabisa, sijui nasubiri nini. Labda avue miwani tena. Aliivaa. Akasema nitapata barua ya onyo kabla ya saa sita, na jina langu asilione kwenye maombi ya ofisi yoyote mwaka huu. Kisha akaenda kuipigia simu shule kwamba madaftari yatachelewa siku mbili, na roli ambazo hazijamenywa zikasukumwa pembeni zilale.

Barua ilifika saa tano na nusu. Saa saba wifi akaja stoo. Safari hii hakuomba ruhusa.

"Ulitaka nianguke."

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani, wifi?"

"Kiasi cha mama kunyamaza Jumapili moja."

Midomo yake ilitetemeka. Sikujua kama ni kicheko au tusi. Lilikuwa tusi. Alinitukana kwa utulivu, kwa mpangilio, bila kurudia neno, na kwa mara ya kwanza tangu kaka yake anioe nilihisi tunalingana.

Alipomaliza akafungua daftari ukurasa mpya.

"Kuna mengine?"

"Mengine nini?"

"Unayoyajua wewe peke yako. Yasiyoandikwa."

"Yapo mengi."

"Anza. Na ukinificha hata moja, ninamwambia kaka."

Nikaanza na mvua: kwamba ikinyesha wiki nzima, siku mbili hazitoshi, ziwe tatu. Nikaendelea na gundi, inayoganda ikipangwa karibu na ukuta wa mashariki. Kisha dereva mmoja ambaye hati zake lazima uzihesabu mara mbili. Aliandika yote bila kuinua kichwa, bado amekasirika, pua imefura. Nilinyoosha shingo nione anavyoandika. Mungu anisamehe, hata mwandiko wake ni mzuri.