Kurasa Mbili, Nafasi Moja

Msumeno wa mawe kiwandani ulimkata shemeji wa fundi wa programu mkono juu ya kiwiko, kisha ukaendelea kuzunguka. Breki haikushika. Kwenye korido ya hospitali, dada wa fundi, mke wa majeruhi, alimvamia fundi, akamchapa makofi mbele ya wauguzi.

"Si wewe unayeiandikia ile mitambo akili? Akili yenyewe iko wapi?"

Fundi alirudi kiwandani mdomo ukivuja damu, akaifungua programu ya msumeno.

Kosa lilikuwa kwenye kiunganishi, ile programu inayoshona vipande vyote kuwa kitu kimoja. Kiunganishi hutenga jedwali la anwani, orodha inayoonyesha kila amri inapatikana wapi. Amri zilizo ukurasa mmoja wa kumbukumbu ya kompyuta huchangia nafasi moja kwenye jedwali hilo. Za ukurasa mwingine hupewa nafasi yao. Kwa hiyo lazima kikadirie mapema kurasa zitakuwa ngapi. Mtu alikuwa amebana makadirio hayo na kuzima onyo. Amri za breki na taa, zilizo kwenye kurasa tofauti, zikasukumwa kwenye nafasi moja. Msumeno ulipoamriwa kusimama, uliwasha taa.

"Ni wewe?" fundi alimuuliza bosi, waliyemwita Tai kwa sababu ya tai yake ya shingoni isiyovuliwa.

"Jedwali lilijaa. Ulitaka nifanyeje? Halafu shemeji yako alizembea. Tumeshaandika hivyo kwenye ripoti."

Ng'ambo ya ukuta, msumeno wa pili, wenye programu ileile, ulianza kunguruma.

"Umeamuru uwashwe?"

"Wateja wanasubiri."

Fundi alitoka mbio. Tai akamkamata ukosi mlangoni pa karakana. Fundi akampiga kichwa, pua ikapasuka. Wakaanguka kwenye tope la mawe. Tai aliokota spana, akamvunja vidole vya mkono wa kushoto. Fundi alipiga yowe, akamkita goti tumboni, akajikokota hadi kwenye nyundo kubwa. Kwa mkono mmoja alilitwanga sanduku la umeme mpaka likatoa cheche na msumeno ukafa. Mfanyakazi mwanamke aliyekuwa akiulisha jiwe alibaki ameduwaa, mikono juu.

Polisi waliwabeba fundi na Tai.

Jioni dada wa fundi alifika kituoni na shati safi.

"Mume wangu amezinduka," alisema. "Anauliza kama ule msumeno wa pili umezimwa."

"Nimeuvunja."

Dada alipitisha mkono kwenye nondo za mahabusu, akaushika mkono wa fundi uliovimba, taratibu, ndipo akalia.