Moshi Kwenye Stoo ya Afande

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme mbele ya duka la kufulia nguo, na aliyelisoma kwa sauti alikuwa mama mdogo, maana yeye ndiye aliyesimama mlangoni.

"Mafunzo ya zimamoto. Uzoefu hauhitajiki. Elimu yoyote. Ada nafuu." Alicheka mpaka akaishika nguzo. "Kufundishwa moto kwa bei ya kiberiti! Mwanangu, ukiuziwa ng'ombe kwa bei ya kuku, mhesabu miguu kwanza."

Binti wa dada yake, aliyekuwa ndani anapiga pasi, hakucheka. Aliacha shule darasa la tano, na tangu hapo alichokijua ni sabuni, mvuke na mashati ya watu. Duniani hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake na mhuri. Alikuwa amesikia kwamba kikosi cha zimamoto hakimwulizi mtu darasa aliloishia. Kinauliza cheti cha mafunzo, kisha kinampa mtihani wake. Jumatatu akaenda kujiandikisha, lakini alikwenda kama anayeingia uani kwa watu wenye mbwa.

Chuo chenyewe kilikuwa gereji ya zamani. Ukutani walipaka rangi mpya, ila chini ya rangi ile bado yalisomeka maneno "tunaziba pancha". Uani palikuwa na gari moja kuukuu la maji, mipira miwili ya kumwagia na shoka sita. Mkufunzi alikuwa mtu wa makamo mwenye tumbo na filimbi shingoni, alitaka aitwe Afande, na alisema amekaa zimamoto miaka kumi na tisa. Yeye aliwaita wanafunzi kwa kazi zao. Kwa hiyo binti akawa Dobi, yule aliyekuwa akilinda maghala akawa Mlinzi, na kijana mwenye mdomo mrefu akawa Kinyozi. Kwa sehemu ya ada walipatana kwamba Dobi atakuwa anafua ovaroli na matambara ya chuo.

"Na wewe husemi?" Kinyozi alimwuliza siku ya kwanza. "Moto ukikushika utapiga kelele, au utatuandikia barua?"

Wengine wakacheka, na tangu hapo Kinyozi akamwita Bubu. Dobi akatazama viatu vya Afande. Vilikuwa viatu vyeusi vinavyong'aa, havina hata mkwaruzo. Mtu aliyeshinda motoni miaka yote hiyo, viatu viking'aa hivyo? Akaitazama mikono ya mkufunzi huyo. Haikuwa na kovu.

Wiki zikapita, na kila wiki ilimwongezea shaka. Afande alifundisha vizuri kuunganisha mipira, kuwasha pampu na kuegesha gari upepo ukiwa nyuma yako. Lakini Kinyozi alipomwuliza ndani ya nyumba inayoungua panakuwaje, alitafuta filimbi yake, akapuliza, akasema muda umekwisha. Ijumaa aliwapa matambara na mafuta ya kupikia wapake mipini ya mashoka isipasuke. Nani amewahi kuona askari wa zimamoto anapaka shoka mafuta ya kukaangia?

"Umeliwa, mwanangu," alisema mama mdogo. "Cheti chenyewe umekiona?"

Hapo ndipo shaka ilipoota miguu. Jumanne ya wiki ya tano, Dobi alitoa matambara kwenye mashine ya kukaushia yakiwa bado yanachoma vidole, akayakunja haraka, akayashindilia guniani, akawahi chuoni kabla somo halijaanza. Aliyaweka stoo, akafunga mlango nyuma yake, akaanza kupekua. Alifungua droo ya kwanza, akakuta misumari. Ya pili ilikuwa na vyeti, rundo zima, vimechapwa vizuri, lakini pa mhuri palikuwa peupe. Mhuri hakuuona popote. Alipotoka, akakuta Kinyozi anamtazama.

Saa nane mchana, wakiwa uani wanakunja mipira, moshi ulianza kutoka chini ya mlango wa stoo.

"Rudini nyuma wote!" Afande alipiga kelele. Na yeye mwenyewe akarudi nyuma kuliko wote, mpaka mgongo ukagota kwenye gari. Aliyevunja mlango alikuwa Mlinzi. Alimwaga ndoo tatu za mchanga, akatoka anakohoa machozi yanamtoka. Vilivyoungua vilikuwa gunia la matambara na kona ya rafu, basi.

Afande aliwapanga mstari. Rangi ilikuwa imemrudia usoni, na hasira pia.

"Nani ameingia stoo leo?"

"Bubu," alisema Kinyozi. "Asubuhi. Alikaa humo muda wa kunyoa vichwa viwili."

"Nilileta matambara," Dobi alisema.

"Na nani anavuta sigara nyuma ya stoo?" Afande alikuwa ameokota kipisi, amekishika kwa kucha kama mdudu. Wote walijua. Mlinzi ndiye peke yake aliyevuta.

"Afande, nimevutia nje. Nikaizima kwa kiatu."

"Mimi nawajua watu wanaokuja kujifunza zimamoto kumbe wanaupenda moto. Vua ovaroli. Kituo cha zimamoto nitawaandikia jina lako."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kinyozi alinong'ona, na kila mtu akasogea kidogo mbali na mwenzake.

Dobi alikuwa na mshukiwa wake. Alimshuku Afande. Vyeti havina mhuri, siku za mtihani zinakaribia. Kwa nini mtu wa namna hiyo asichome stoo yake, akawafukuza wote, akafunga geti na ada zao mfukoni? Alipoambiwa afagie majivu alichutama makusudi, atafute mafuta ya taa au kiberiti. Wiki ya pili walifundishwa kwamba moto huacha jeraha kubwa zaidi pale ulipozaliwa. Basi akatafuta jeraha.

Ukuta ulikuwa mzima. Sakafu ilikuwa nzima. Akalishika furushi la matambara lililobaki. Nje lilikuwa jeupe, limeungulia pembeni tu. Alipolifungua, katikati lilikuwa mkaa mtupu.

Moto haukuingia kwenye furushi. Ulitoka ndani yake.

Jambo hilo alilijua. Kila dobi analijua. Taulo za jikoni na za masaji hazitoki mafuta yote hata uzifueje, na zikitoka kwenye mashine hazikunjwi mpaka zipoe, la sivyo joto linajifungia humo, linajilisha lenyewe mpaka linawaka. Mama mdogo alimchapa kofi mwaka wa kwanza kwa kosa hilo hilo. Na leo, kwa haraka ya kwenda kupekua droo za watu, alikunja matambara ya mafuta yakiwa ya moto.

Mlinzi alikuwa amekwisha kuvua ovaroli. Alikuwa anaikunja taratibu, mkono juu ya mkono, kama nguo ya maiti. Kazi ya ulinzi alikwisha kuiacha, hana pa kurudi. Dobi angenyamaza tu, kama alivyonyamaza siku zote, na jambo lingepita. Kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akasimama.

"Afande, si sigara. Ni mimi."

Alieleza huku anaangalia chini, maneno yanagongana. Alipomaliza, Kinyozi ndiye aliyecheka kwanza.

"Nguo zijiwashe zenyewe? Basi na viazi vijimenye!"

Afande hakucheka. Alimtazama kwa macho madogo. "Ama unamfichia huyu, au uliwasha mwenyewe na unanipiga porojo. Kesho utatuonyesha. Yasipowaka, mnatoka wote wawili, na kituoni naandika majina mawili."

Asubuhi Mlinzi alifuatana naye dukani awe shahidi. Mama mdogo alimpima mgeni kutoka juu hadi chini.

"Huyo bosi wenu hajui hata taulo? Na anafundisha moto?"

"Ndiyo ninalojiuliza, mama," alisema Mlinzi.

Walipaka mafuta matambara mengine, wakayafua kwa maji baridi na sabuni ile ile, wakayakausha. Mama mdogo aliyakunja mwenyewe yakiwa yanachoma, huku anapiga ulimi. "Maisha yangu yote nawakataza watu kufanya hivi."

Saa tatu furushi lilikuwa ndani ya gunia, gunia juu ya mchanga, katikati ya uani, juani. Afande aliketi kwenye ngazi ya gari. Hakuna aliyeruhusiwa kulisogelea, hata Dobi.

Saa tano, hakuna kitu. Saa sita, hakuna kitu. Kinyozi aliuliza kama anaweza kuleta viazi. Mlinzi alikaa na sigara isiyowashwa mdomoni, na Dobi alihisi jasho linamtiririka mgongoni. Vipi kama jana ilikuwa bahati mbaya tu? Jina lake lingeandikwa kituoni kweli, na lingekuwa la mchomaji.

Saa saba na robo Mlinzi alinusa. "Kuna harufu."

"Ya pasi iliyosahauliwa," alisema Dobi.

Uzi wa moshi ukatoka mdomoni mwa gunia, mwembamba, ukasimama wima kama hauna haraka. Kinyozi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Afande aliinuka polepole. "Miaka kumi na tisa," alisema, "sijawahi kuliona hili."

"Miaka kumi na tisa ya nini, Afande?" Dobi aliuliza. Swali lilimtoka kabla hajalikataza. "Jana ulirudi nyuma mpaka kwenye gari. Vyeti havina mhuri. Niliingia stoo kuvitafuta, ndiyo maana nilikuwa na haraka. Mimi nimesema langu."

Afande alishika filimbi, akaiacha.

"Ya kuendesha," alisema. "Nilikuwa dereva. Nilifikisha gari, nikawasha pampu, nikawasubiri wenzangu. Ndani sijawahi kuingia hata mara moja. Mhuri unapigwa kituoni, na mkuu anataka aone nani amewafundisha kuingia ndani. Sijapata wa kumpeleka. Wenye kujua wanataka pesa nyingi, na mimi niliwaahidi ninyi ada nafuu."

"Yaani tumefundishwa na dereva!" alisema Kinyozi.

"Pampu unaijua au huijui?" Afande alimgeukia.

"Naijua, lakini..."

"Basi!"

"Afande," Mlinzi alisema, "gunia."

Lilikuwa limeshika. Ndimi za moto zilitoka kila upande, na gari la maji lilikuwa hatua tano tu. Mlinzi na Dobi walikamata ndoo kwa pamoja. Mchanga wa kwanza uliukosa moto ukampata Kinyozi miguuni, akaruka kama mbuzi. Wa pili ulifunika. Dobi hakuishia hapo. Alilifumua furushi kwa shoka, tambara moja moja, akamwagia kila moja maji, maana kiini ndicho kinachodanganya.

Alipomaliza, Afande alimrudishia Mlinzi ovaroli yake bila kumtazama usoni. Kisha akamkabili Dobi.

"Na wewe, unaondoka au unabaki?"

Dobi alipangusa masizi kwenye mashavu. Hakuwa anamwamini mtu huyu, lakini sasa angalau alijua asichokiamini ni kipi.

"Nabaki," alisema. "Jumamosi lete mtu aliyewahi kuingia ndani. Nguo za kikosi kizima cha wenzako nitazifua mimi, hayo ndiyo yatakuwa malipo yake. Usipomleta, Jumatatu naenda kituoni mwenyewe kumwuliza mkuu."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Kinyozi alikuwa anakung'uta mchanga kwenye viatu. "Jamani," alisema, "nani alisema huyu ni bubu?"

"Wewe," alijibu Mlinzi, na hatimaye akawasha sigara yake, mbali kabisa, kule getini.